Ditekta, kiroba na rafiki: jinsi ya kutafuta sarafu za zamani kwenye bustani za Tanga

Naandika hii mara moja ili nisirudie tena kwa mmojammoja, maana maswali kila wiki ni yaleyale: ditekta, ile mashine inayolia ikipita juu ya metali, inafika mita ngapi chini, rupia ya Mjerumani umeshaipata, inauzwa milioni ngapi, nianzie bustani gani, na polisi je hawakukamati? Yote nitayajibu humu ila naanza na la mita kwa sababu ndilo linalowaliza watu. Ditekta ya kawaida ya kutafutia sarafu inaisikia sarafu moja ikiwa sentimita 15 mpaka 25 hivi chini ya ardhi, yani shubiri moja ya mkono wako, basi. Mtu akikuletea kitu cha antena mbili za kushika mkononi akakwambia kinaona dhahabu mita 10 chini, huyo anakuuzia antena za redio.

Na hilo la rupia tulimalize kabisa. Rupia ya Mjerumani ni sarafu ya fedha (silva) yenye sura ya Kaiser Wilhelm wa Pili, uzito gramu 11 na ushee, upana sentimita 3 hivi. Haina zebaki ndani, haina jini, na hakuna Mzungu anayeisubiri hotelini na begi la dola. Thamani yake ni ile fedha iliyomo, afu wanaokusanya sarafu wanaongeza kidogo kutegemea mwaka na ilivyochakaa. Si bei ya kiwanja. Kama unaingia kwenye hii kazi ukitegemea kujenga nyumba ishia hapa hapa, betri tu zitakufilisi.

Kilichopo ardhini Tanga ni nini hasa

Mji huu umeshika hela za tawala nyingi kwahiyo ukijua unachoweza kukikuta hutokitupa ukidhani ni washa ya bolti. Ya zamani kidogo ni pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, ina mizani upande mmoja na mwaka 1299 wa Hijria, ambao ni 1882. Afu ikaja pesa ya kampuni ya Wajerumani ya 1890 mpaka 1892, shaba pia, upande mmoja tai na mwingine maandishi ya Kiarabu, na pesa 64 zilikuwa rupia moja. Mwaka 1904 wakabadilisha, rupia moja ikawa heller 100, na hapo ndipo sisi tulipotoa neno hela, kwahiyo ukiokota heller moja yenye taji juu umeokota hela yenyewe ya asili. Kuna heller 5 ya 1908 na 1909 ambayo ni dude kubwa la shaba, gramu 20, na kuna heller 10 nyeupe yenye tundu katikati.

Baada ya vita vya kwanza ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, ile ya simba na milima nyuma, na senti zenye tundu ambazo bibi zetu walikuwa wanaziita ndururu ikiwa senti tano na peni ikiwa senti kumi. Shilingi na thumuni (senti 50) za mpaka 1946 zina fedha robo, zilizofuata hazina. Halafu 1966 zikaja zetu, senti 20 ya mbuni, senti 50 ya sungura na shilingi ya mwenge. Kusema ukweli asilimia kubwa ya utakachopata ni hizi za mwisho na zile za tundu. Ile rupia 15 ya dhahabu yenye tembo Wajerumani waliigonga Tabora mwaka 1916, zilikuwa elfu 16 na kidogo tu, kwahiyo usilale ukiiota.

Vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Ditekta. Kama utakuwa unashuka na ufukweni tafuta inayotumia masafa (frikwensi) mengi kwa pamoja, ya masafa mamoja inalia hovyo kwenye mchanga wenye chumvi. Kwa bustani tu hata ile ndogo ya kuanzia inatosha.
- Hedfoni. Sio za urembo, ni ili watu wasisikie kila mlio na kujaa.
- Mwiko wa bustani au kisu kipana kigumu. Jembe liache nyumbani, sululu ndo kabisa.
- Pinpointa, kile kijiti cha kuchomeka kwenye shimo. Unaweza kuanza bila hicho ila utachoka.
- Kiroba kimoja kilichochanwa kikawa kama mkeka, cha kuwekea udongo.
- Mifuko miwili, mmoja wa sarafu mmoja wa takataka. Na kikopo chenye pamba.
- Glovu, maana chupa zilizovunjika ni nyingi kuliko sarafu. Maji ya kunywa na ya kumwagia majani.
- Barua ya ruhusa, na kopi yake.
- Rafiki.

Huyo wa mwisho sijamweka kwa utani. Hii kazi Tanga ni ya watu wawili, mmoja masikio mwingine mdomo. Mwenye masikio anavaa hedfoni na kupeleka mashine. Mwenye mdomo anachimba, na kazi yake kubwa zaidi ni kuongea na watu, kwa sababu mkiinama tu na ile mashine dakika kumi mnazungukwa na watu nane na wote wana stori ya hazina ya Mjerumani, na mtu aliyeziba masikio asiyejibu salamu anaonekana ama mchawi ama mwizi. Mimi nilianza peke yangu. Wiki ya pili tu nikazongwa na vijana wakidai nimeshatoa rupia nimeficha kwenye soksi, nikavua viatu vyote mbele za watu. Toka siku hiyo siendi bila mwenzangu.

Hatua zenyewe

1. Kubalianeni kugawana kabla hamjawasha mashine. Sisi ni nusu kwa nusu bila kujali nani kaisikia nani kaichimba, na ikitoka moja isiyogawanyika mmoja anachukua, inayofuata ni ya mwenzie. Inaonekana ya kitoto ila mimi na sahibu yangu tulinuniana siku tisa kwa ajili ya peni moja ya tundu ambayo hata soda hainunui.

2. Tafuteni ruhusa ya maandishi. Bustani za mjini ziko chini ya Jiji, kwahiyo anzeni kwa mtendaji wa mtaa mpande naye mpaka ofisi ya mkurugenzi. Barua iwe fupi: mnatafuta sarafu zilizodondoka, mtachimba vishimo visivyozidi shubiri, mtafukia. Andikeni waziwazi kwamba HAMTAFUTI madini, maana hilo lina leseni yake na sheria yake. Uwanja wa shule muulize mwalimu mkuu, uani kwa mtu muulize mwenye nyumba.

   Sasa hapa msikilize vizuri. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na kuchimbua kutafuta vitu vya namna hiyo bila leseni ni kosa. Hela za Mjerumani zimekuja baadae ila ardhi haikuulizi ulikuwa unatafuta nini. Kwahiyo magofu ya Tongoni hapana, Kisiwa cha Toten hapana, mapango ya Amboni hapana, viwanja vya majengo ya kale kama Boma hapana, na makaburi ya aina yoyote, ya wazee wetu au ya wanajeshi wa 1914, hapana kabisa. Bandarini na kule Chongoleani kwenye mambo ya bomba la mafuta msitokee na mashine inayolia, mtaeleza mpaka jioni. Mkikuta vigae vya zamani, shanga au kitu msichokielewa acheni kilivyo, pigeni picha, funikeni, mtoe taarifa.

3. Zoezi la uani kwanza, siku tatu nzima. Fukia sarafu ya shilingi 100, ya 200, pete ya fedha ya dada yako (mwombe), kizibo cha soda, msumari wa nchi tatu na kipande cha kopo, kila kimoja na kijiti cha alama, vingine kina cha vidole vinne vingine shubiri. Pita juu yake mpaka sikio lizoee. Watu wanaruka hatua hii wanaenda kuaibikia bustanini.

4. Chagueni siku. Siku mbili tatu baada ya mvua ndo tamu kuliko zote, udongo wenye unyevu unasikika vizuri zaidi na unakatika kama keki. Wakati wa kaskazi, jua la Januari na Februari, ardhi ni kama kigae na majani mkiyakata hayashiki tena, yanakufa na mnaonekana waharibifu. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu mpaka saa nne inatosha, watu wachache na jua halijawa kali.

5. Amkieni wazee kabla ya mashine. Mwenye mdomo akikuta wazee kwenye baraza la kahawa jirani na bustani atoe shikamoo, akae, anywe kikombe. Usiulize "hela zimefichwa wapi", uliza "zamani hapa watu walikuwa wanakaa upande gani". Mzee mmoja alituonyesha mahali wauza kahawa walipokuwa wanakaa kabla mwembe haujakatwa, hatukuona mti wala kisiki, ila senti nne za tundu zilitoka kwenye eneo la kama mkeka mmoja. Sarafu hudondoka mtu anapokaa, anapochutama, anapolipa. Katikati ya bustani panapopitwa tu huwa hakuna kitu.

6. Tayarisheni mashine. Washa mbali na nguzo za umeme, simu iwe kwenye begi sio mfukoni. Sensitiviti, yani usikivu wa mashine, weka robo tatu, sio mwisho. Ukiweka mwisho italia kama kuku anayetaka kutaga na utailaumu bure. Kuchuja, yani kuiambia mashine isililie kitu fulani, chuja chuma tu. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuchuja na namba za kati (mashine inaonyesha namba kwa kila aina ya metali) ili wasisumbuliwe na mabati ya makopo na karatasi za sigara, sasa ile heller 10 nyeupe ya tundu inasomeka huko huko kati kati na takataka, ukichuja takataka umeichuja na yenyewe. Shaba na fedha ziko juu, chuma chini, kati ni bahati nasibu ya kuchimba.

7. Pita kwa mistari. Tembea polepole kuliko unavyodhani ni polepole. Ile sahani ya chini iwe sentimita mbili tatu juu ya majani, iende kulia kushoto ikiwa sambamba na ardhi, na kila pasi ifunike nusu ya pasi iliyopita, kama unafagia uwanja na ufagio wa chelewa. Usiinue mkono mwishoni kama anayefyeka majani, ukiinua hivyo pembeni zote hujapima kitu. Mkiwa na mashine mbili kaeni mbali hatua kumi na tano au zaidi, la sivyo zinasikilizana zenyewe.

8. Mlio ukija, pita msalaba. Ukisikia mlio geuka robo upite tena kutoka upande mwingine. Ukilia sawasawa pande zote mbili na namba haichezi, chimba. Ukilia upande mmoja na ukageuka ukapotea au ukakwaruza, mara nyingi ni msumari. Mlio unaokwenda mstari mrefu mita mbili tatu na kuendelea ni BOMBA la maji au waya wa umeme, weka alama pale uondoke, usichimbe hata kidogo.

9. Kata mlango, usichimbe shimo. Hapa ndipo mnapopendwa au mnapofukuzwa. Kata majani nusu duara kwa kisu, upana wa kiganja, ukiacha upande mmoja umeshikilia kama bawaba ya mlango. Funua bonge lote na mizizi yake. Udongo wa ndani wote uende kwenye kiroba, sio kwenye majani. Usichome kisu katikati ya mlio, utaikwaruza sarafu yenyewe, anza pembeni uje ndani. Pima shimo, afu pima bonge, afu pima kiroba, kitu kiko kwenye kimojawapo.

10. Fukia ukiwa bado una furaha. Mwaga udongo wa kiroba wote, rudisha mlango, kanyaga kwa mguu mzima sio kisigino, mwagia maji. Mwenzako arudi nyuma hatua tatu aangalie, akiona mlipochimba mrudie. Takataka zote mlizotoa mnaondoka nazo, na mwenye mdomo azitembeze wazi mkononi: "Mmepata ya Mjerumani, wajukuu?" "Bado babu, vizibo sita na msumari, tukuwekee?" Mzee akicheka yameisha, na huyo huyo ndo atakayewatetea kesho mtu akiwaletea fujo.

11. Nyumbani, mikono mbali. Najua mkono unawasha kuisugua kwa jivu na ndimu kama sinia la shaba. Usifanye. Wala stilwaya, wala dawa ya meno. Iloweke kwenye maji safi, badilisha maji kila siku mpaka udongo uachie wenyewe, kausha kwa kugandamiza na kitambaa sio kusugua. Ya shaba yenye ukijani mgumu iloweke kwenye mafuta ya zeituni, hata wiki kadhaa. Heller iliyosuguliwa ikang'aa kama kifungo kipya haitakiwi na mkusanyaji yeyote. Andika kwenye karatasi ilitoka wapi, kina gani, siku gani, uweke pamoja nayo.

Moja la hatari

Novemba 1914 Waingereza walishusha jeshi lao kutoka India huku Raskazone wakapigana na Wajerumani mpaka katikati ya mji, ndio ile vita ya nyuki mnayosimuliwa. Kwahiyo upande ule mtakuta maganda ya risasi, na hayo ni ya kawaida. Ila mkifunua kitu kizito chenye umbo la chupa au yai la chuma, au risasi ambayo bado ina kichwa chake, simamisha mkono. Usikitoe, usikigonge ujue ni nini, usikipeleke nyumbani kwenda kupiga picha. Weka alama, ondoa watoto, piga 112.

Yakikwama

*Inalia kila mahali.* Shusha sensitiviti. Bado? Angalia nguzo ya umeme juu yako, mashine ya mwenzako, simu, na viatu vyako maana buti za fundi zina chuma puani. Ukiwa ufukweni panda mchanga mkavu, ule uliolowa maji ya bahari utakutesa.

*Ililia vizuri, nimefunua, imenyamaza.* Mara nyingi iko kwenye kiroba, pima udongo uliotoa. Kama haipo huenda imegeuka ikasimama kwa ukingo, pekua kuta za shimo. Au ulikuwa msumari wa kutu, kutu iliyosambaa kwenye udongo ilikuwa inaukuza, ukivuruga udongo mlio unakufa.

*Nimefika shubiri mbili na bado inalia.* Sio sarafu. Ni chuma kikubwa kilicho chini sana. Fukia, usiwe mchimba kisima.

*Namba ni nzuri halafu kizibo.* Vizibo vinadanganya mashine zote duniani. Inua sahani taratibu juu ya mlio, sarafu ndogo inafifia mapema na inaonekana ni kidoa, kizibo kinatanuka na pembeni kinakwaruza. Sikio litajua baada ya vizibo mia hivi.

*Kaja mtu anasema hapa pana mali tugawane, au ana mganga.* Kazi ya mwenye mdomo. Mpeni hedfoni asikilize mwenyewe dakika tano mlio wa vizibo. Wengi wanarudisha na kuaga. Akija na rupia ya kuuza "ya ajabu", mshukuruni, msishike hela mfukoni hata kwa mzaha.

*Siku ya tatu na hatujapata kitu, mwenzangu anataka kuacha.* Kawaida hiyo. Bustani yetu ya kwanza ilitutoa vizibo 143, tulivihesabu, ndio ikatoka senti kumi ya tundu ya 1952, na aliyeisikia sio mimi, ni mwenzangu ambaye nilikuwa nimempa mashine nikapumzishe mgongo. Kwahiyo badilishaneni, mdomo avae hedfoni, masikio ashike kisu.